Siku Moja Pungufu

Ardith Tollefson alikuwa amekaa Wisconsin wiki nne kasoro siku moja, na muda wote huo hakuna aliyemtaja kwa jina lake. Mwanawe Kurt alimwita mama. Wajukuu walimwita bibi, pale walipokumbuka kuinua macho kwenye simu zao. Muuza mikate alimwita mpenzi, jambo lililomkera. Huko Iowa alikotoka usingeweza kununua hata kiberiti bila mtu kukuuliza, "Ardith, goti linaendeleaje?"

Ndiyo maana siku ya uchaguzi aliamka mapema, akavaa sweta yake ya buluu na kutembea mwenyewe hadi kituo cha zimamoto kulikopigwa kura. Wagombea wa huko hakuwajua. Alichojua ni kwamba katika jimbo hilo mpiga kura husimama mezani akataja jina na anwani yake kwa sauti, na msimamizi hulirudia jina hilo watu wakisikia. Alitaka jina lake lirudiwe, basi. Aliona haya kulikiri, lakini upweke ulikuwa umemfikisha huko.

Kazi yenyewe aliifahamu. Kwao alisimamia meza ya wapiga kura miaka thelathini na mmoja, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Aliwahi kumrudisha bila kupiga kura jirani yake Clete, aliyekuwa amehamia ng'ambo ya mto, nje ya eneo lao la kura.

"Ardith, si unanijua tangu tukiwa watoto?" Clete alilalamika.

"Nakujua sana. Na najua unalala wapi siku hizi."

Clete alimnunia mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Ardith naye alipohama aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, akaomba afutwe kwenye daftari la wapiga kura la Iowa.

Mezani pale kituo cha zimamoto alikuwapo mzee mmoja aitwaye Lyle, mwenye tumbo kubwa na suruali iliyoshikiliwa na mikanda ya mabegani.

"Hujajiandikisha? Wala usijali, mama, hapa tunaandikisha leo leo. Ila uwe umekaa siku ishirini na nane. Ulihamia lini?"

"Oktoba kumi na moja," Ardith akajibu bila kufikiri. Ndiyo tarehe aliyoizungushia wino kwenye kalenda tangu kiangazi.

Lyle akahesabu kwa kidole. "Ishirini na nane kamili! Umeponea chupuchupu. Tia saini hapa kwamba ni kweli."

Ardith akashika kalamu, kisha mkono ukasita. Tarehe kumi na moja, kule Iowa, lori lilikuwa limeshapakiwa na Kurt akipiga honi, naye akakataa kutoka. Alimwambia, "Nipe mpaka kesho." Kurt akaondoka amefura, akaenda kulala hotelini. Ardith alilala sakafuni katika chumba alicholala na marehemu mumewe Merlin miaka arobaini na sita, akajifunika koti la marehemu. Lilikuwa bado na harufu ya ng'ombe.

"Nimekosea," akasema. "Nilifika tarehe kumi na mbili."

Lyle akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Vyombo vilipakiwa lini?"

"Kumi na moja."

"Basi ulishahama, mama. Saini, kahawa yangu inapoa."

Saini moja tu, na jina lake lingetajwa mbele ya watu. Nani angejua? Lakini angekuwa ameapa kwamba usiku ule haukuwapo.

"Usiku ule nililala kwangu," akasema, akairudisha kalamu.

Lyle alimtazama kwa huruma, akamsogezea kibandiko cha kifuani chenye maneno "Nimepiga kura".

"Chukua hata hiki."

"Hicho ni cha waliopiga kura," Ardith akasema, na kwa dakika moja alikuwa tena yule wa Iowa.

Akasimama kando ya gari la zimamoto kufunga vifungo vya sweta. Nyuma yake watu walijitaja mmoja mmoja, majina ya wageni watupu, na kila jina likarudiwa. Alisikiliza mengi kuliko alivyokusudia. Mwishowe naye akajaribu, kwa sauti ya chini.

"Ardith Tollefson," akasema, na anwani iliyofuata mdomoni ilikuwa ya Iowa.