Mguu wa Shangazi na Mishale Yangu

Hebu kaa vizuri unisikilize, maana jambo hili wengi hulikosea, na wewe si wa kwanza. Kusomea mifumo ya afya si kusomea udaktari. Aliyesomea udaktari anajua mguu ukioza ufanywe nini. Aliyesomea mifumo anajua mguu huohuo, nchi mbalimbali huupitisha kwenye milango mingapi kabla haujaonwa.

Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa na kila mtaa ukapata duka lake la dawa, nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi moja ya afya, Temeke. Ikaja nafasi ya kozi ya wiki sita Ulaya, ya kulinganisha mifumo ya afya. Wakubwa wangu wawili waliigombania mpaka wakanuniana, ikabidi apelekwe mtu asiyeweza kuonewa wivu na yeyote. Nikapelekwa mimi. Majirani wa Keko, nilikolelewa na shangazi yangu, waliniaga kwa jina la dokta. Sikuwasahihisha. Lilinikaa vizuri.

Kule wenyeji walisema ni majira ya joto. Mimi nilivaa sweta mbili. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchora mfumo wa kwao, nami nikachora wetu kwa rula: zahanati, mshale, kituo cha afya, mshale, hospitali ya wilaya, mshale, hospitali ya rufaa.

Mwalimu akauliza, "Mtu wa kwenu akiugua, anaanzia wapi?"

"Zahanati," nikajibu bila kupepesa macho. Darasa zima likaandika. Mchoro wangu ukabandikwa ukutani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mishale iliyonyooka kama yangu.

Wakati mishale inasifiwa, shangazi alikanyaga msumari nje ya karakana ya seremala. Hakuanzia zahanati. Alianzia duka la dawa, akauziwa zile dawa za rangi mbili zenye unga ndani, na jirani akamwelekeza azifungue, amwage unga wake kwenye kidonda. Kidonda kikakataa kupona. Majirani walipomwambia aende hospitali, alikasirika. "Mie nikapange foleni, na mtoto wangu yuko Ulaya anasomea hospitali? Namsubiri mwenyewe."

Alinisubiri karibu mwezi mzima.

Siku niliyorudi, asubuhi na mapema, nilimkuta uani amekaa juu ya jamvi, mguu umefunikwa kwa khanga, majirani wamemzunguka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame mguu kwanza, chai baadaye."

"Na mie nafuata, dokta," seremala akadakia. "Mgongo huu una miaka miwili."

"Wewe ngoja!" shangazi akamkemea. "Huoni mwenye mtoto yupo?"

Nikafunua khanga. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi, na cha pili yake kilikuwa kinakifuata.

"Kinauma, shangazi?"

"Wala. Ndiyo nafuu yake, hakiumi kabisa."

Hata karani wa takwimu alijua kwamba hiyo haikuwa nafuu. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Shangazi, mimi sikusomea kutibu."

"Ulisomea nini?"

Nikamweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Nikamtolea na nakala ya mchoro, nikijua haitasaidia. Akaugeuza huku na huku.

"Mie niko wapi hapa?"

"Hapa, kwenye zahanati. Ndipo ulipotakiwa kuanzia."

"Duka la dawa je? Na huyu jirani aliyenielekeza?"

Hawakuwamo. Yeye mwenyewe hakuwamo.

"Wiki sita!" seremala akasema akijinyoosha mgongo. "Mie kwa wiki sita ningekuchongea kabati na kitanda, na vyote ungevitumia."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Shangazi hakucheka. Aliuvuta mguu wake taratibu chini ya khanga, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa wataukata?"

Tukakodi teksi. Hospitali tulipanga foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha daktari akaufungua mguu.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsubiri daktari wangu arudi Ulaya. Huyu hapa."

Daktari akanigeukia. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Karani wa takwimu."

"Ulaya ulikwenda kufanya nini?"

"Kulinganisha."

Alinitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mguu. Kisha akampima shangazi sukari, ikakutwa imepanda vibaya sana, nayo ilikuwemo mwilini kimyakimya kabla hata ya msumari. Vidole viwili vikakatwa. Mguu ukabaki, lakini daktari alisema wazi kwamba ingepita wiki moja zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata gotini.

Siku alipotoka wodini shangazi hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniuliza tu, kwa nini siku ya kuniaga, walipokuwa wananiita dokta, sikusema kitu. Nilimwambia kweli: nililipenda jina.

Basi wewe usiye na makosa yangu, fanya hivi. Leo vua viatu, utazame miguu yako yote miwili, juu, chini na katikati ya vidole. Ukikuta kidonda, hata kama hakiumi, usikimwagie unga wowote. Kifunike kwa kitambaa safi, na kesho asubuhi nenda zahanati iliyo karibu nawe, uwaombe wakutazame kidonda na wakupime sukari.