Chai ya Pole Uwanja wa Magari

Mwezi uliopita nilifanya ujinga ambao nisingekusimulia kama tusingekuwa tunajuana. Mtu alituma picha ya tangazo la mbio za magari kwenye kundi la simu la majengo yetu hapa Tottenham. Mimi, ambaye hata kochi langu limeshachukua umbo langu, nikavaa koti, nikatia mfukoni pamba za kuziba masikio, nikapanda mabasi mawili. Nilipofika nikamuuliza mlinzi dirisha la tiketi liko wapi. Akanitazama kwa huruma. Uwanja ulishavunjwa zamani. Pale sasa ni maghorofa ya vioo na vijiti vya miti vilivyofungwa kwenye fito. Tangazo lenyewe lilikuwa la enzi hizo. Mwenzako sikusoma mwaka.

Basi nikakaa kituoni na mvua ya manyunyu, na uwanja ule wa utoto wangu ukaanza kunirudia.

Yalikuwa magari ya kawaida yaliyochoka, yametolewa vioo na viti, yamechomelewa vyuma, yamepakwa rangi kama keki ya harusi. Kazi yake kuzunguka na kugongana. Jirani yetu wa chini, fundi bomba, Mwingereza mwenye viganja kama koleo, alikuwa na la kwake, na kila Jumamosi baba alimsaidia kunyoosha bodi kwa nyundo. Jumapili jioni tulikuwa jukwaani: harufu ya mpira ulioungua, siki ya chipsi za watu, na chapati za mama ndani ya taulo pamoja na chupa ya chai, maana mama hakuamini chakula cha kuuzwa dirishani. Taa zikiwashwa, moshi ulielea chini yake mweupe kama maziwa, nami nilikuwa nusu nimelala, nusu napiga kelele.

Kisha bibi akaja kututembelea kutoka Dodoma. Baba alimwogopa mama yake kuliko watu wa uhamiaji. Bibi akisema jambo limekwisha, limekwisha, na sisi watoto tulijua akiziona hizo ajali za kulipia kiingilio, Jumapili zetu zimekufa. Baba akamwambia tunakwenda kuangalia magari. Hakudanganya, alifupisha tu.

Mbio hazijachanganya vizuri, gari jekundu likamgonga jirani kwa nyuma. Lake likapinduka mbele yetu, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Jirani akatoka dirishani akitambaa, akapunga mkono, uwanja mzima ukashangilia. Bibi alikuwa amesimama, anakaza kitenge.

“Aliyepinduka hapigiwi makofi,” akamwambia baba. “Anapewa pole. Beba chupa ya chai.”

Mbio zilipokwisha tukamfuata bibi hadi wanakoegesha magari, baba ana uso wa mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Bibi akamshika jirani kwa mikono miwili, akampa pole yake, ya mkewe, na ya gari. Halafu akauliza aliyemgonga yuko wapi. Kumbe ni yule pale pembeni, anacheka na jirani. Bibi akakataa kumimina chai mpaka wapeane mikono mbele yake. Yule dereva, lijitu refu kama mlango, akavua helmeti akaomba radhi kama mtoto wa kipaimara. Baba akitafsiri, jasho linamtoka.

Tukasubiri hukumu. Bibi akanywa wa mwisho, taratibu, akasema kama wanagombana hivi na kupatana hivi, Jumapili ijayo tangawizi iongezwe.

Ikawa desturi. Hata bibi aliporudi kwao, kila aliyevunjiwa gari alipanda jukwaani kwetu kunywa chai ya pole, na grisi zake mikononi, na wengine nadhani walijigongesha makusudi. Sasa fundi bomba amehamia pwani, wazee wangu wametangulia, nami nimebaki na fleti yao na kochi.

Niliporudi nyumbani siku ile ya tangazo nikakutana ngazini na mama Mkongomani anayeishi alikokuwa fundi bomba, anatoka kanisani na mfuko wa unga wa muhogo. Nikamsimulia yote haya, mpaka mfuko ukamwelemea. Nikamalizia kwa kusema watu wa namna ile hawapo tena mjini hapa. Akauhamishia mfuko mkono wa pili.

“Kaka, unalilia watu walikuwa wanakunywa chai yenu zamani. Siye tunaishi hapa chini yako miaka yote hii, haujatuita hata siku moja.”