Matope Mgongoni mwa Maliro

Maliro wa Vulamba hakuamini hata kivuli chake. Akirudi kanisani aliichunguza kufuli kabla ya kuifungua, aone kama kuna aliyeichezea. Akinunua maharagwe alitia mkono hadi chini ya mfuko. Mkewe Kanyere alipenda kusema kwamba siku Yesu akirudi, mume wake ataomba kwanza kuona alama za misumari. Watu walicheka, lakini sisi tusimcheke sana. Ilikuwa miaka ya vita, mji wetu wa Butembo ulibadilisha askari kama mtu abadilishavyo shati, na kila kundi lililoingia lilikuja na njaa yake. Asiyeshuku miaka ile hakuwa na cha kuibiwa.

Maliro alikuwa nacho. Alikuwa na pikipiki. Aliipata baada ya miaka mingi ya kusukuma baiskeli yenye kabichi na poireaux, vile vitunguu vya majani, kutoka Alimbongo, milima yote ile, jasho lote lile. Sasa alipeleka mboga Beni na kurudi na mawese. Pikipiki ndiyo iliyolisha nyumba, ndiyo iliyomsomesha binti yao Léa. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba siku moja askari ataipanda na haitarudi.

Alijua inavyoanza. Haianzi kwa bunduki. Askari anakusimamisha kwa upole, anasema, "Papa, nifikishe hapo mbele," anakaa nyuma. Hapo mbele panakuwa mbali, mbali panakuwa porini, na mwenye pikipiki anarudi kwa miguu, kama anarudi. Siméon, aliyeimba naye kanisani, alipoteza yake hivyo hivyo. Maliro akawaza sana, hata akaipata dawa. Kama hakuna anayetaka kukaa nyuma, hakuna atakayeomba kupandishwa.

Pikipiki ina kile kibati cha nyuma kinachofunika gurudumu, garde-boue, kinachozuia matope yasimrukie aliyekaa. Ukikikata kikawa kifupi, udongo wetu mwekundu unampaka abiria tangu kiuno hadi kisogo. Na askari wa siku zile walipenda kupendeza, mashati yao yalipigwa pasi hata kama hawakula. Atapanda mmoja, Maliro alijiambia, hatarudia, na atawaonya wenzake.

Kazi hiyo ingefanywa vizuri na Sadrack, fundi wa pikipiki aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara, pale mji unapoanza. Lakini Sadrack alitengeneza pia pikipiki za askari. Aliongea nao, alikunywa chai nao. Kwa Maliro hiyo ilitosha kumhukumu. Tena aliamini kwamba mafundi wote hubadilisha vyuma vya watu. Akilazimika kumpelekea Sadrack pikipiki, alikaa juu ya jiwe macho kodo, hata haja ndogo aliiahirisha.

Basi akaamua kuifanya mwenyewe nyumbani. Alimtuma Kanyere shambani, akamtuma Léa pamoja naye, akafunga mlango wa ua, akaiingiza pikipiki jikoni. Alikifungua kile kibati, akakibana kwa magoti, akaanza kukikata kwa msumeno wa chuma. Msumeno ukavunjika katikati. Akamalizia kwa tindo na nyundo juu ya jiwe la kusagia, akimwaga jasho na kujiuma midomo. Ukingo ulitoka vibaya, kama umetafunwa na panya.

Akiwa katika kupiga nyundo, sauti ikamsalimu kwa Kinande nje ya ua. Ilikuwa ya Sadrack.

"Wavukire, Papa Maliro! Unatengeneza nini mule?"

"Sufuria!" Maliro akajibu bila kufungua. "Sufuria ya mama Léa!"

"Nilisikia na msumeno kwanza. Sufuria inakatwaka na msumeno?"

Sadrack akacheka, akaenda zake. Maliro akabaki ameshika nyundo. Kwa nini apite saa hiyo hiyo? Nani alimtuma?

Kanyere aliporudi alikiona kile kibati, akaweka kikapu chini. "Baba Léa, juu ya nini umekata hivi? Na mi siku ya kanisa nitakaa wapi?"

"Utatembea. Na usisemee mutu."

"Hata mama yangu?"

"Mama yako ndiye wa kwanza."

Dawa ilifanya kazi. Askari wa kwanza kupanda alishuka mwisho wa mteremko akitukana kwa Lingala, mgongo wote mwekundu. Habari zikaenea kwenye vizuizi, na hakuna aliyemwomba Maliro tena. Yeye mwenyewe akiwa peke yake alifika nyumbani amepakwa vile vile, lakini shati hufuliwa. Alifurahi. Alijiona mjanja kuliko jeshi zima.

Kisha kukatokea mashambulizi ya waasi wa porini upande wa kaskazini, na askari wakawa wakali. Siku hiyo Maliro alikuwa anarudi kutoka Beni bila mzigo, maana mawese yalikosekana, na mvua ilimpiga njia nzima. Mjini kwenyewe, si mbali na kibanda cha Sadrack, alikuta kizuizi kipya na mkuu mpya asiyemfahamu. Wanaume walipangwa kando ya barabara, mashati yakivuliwa. Askari walitafuta mabegani alama ya mkanda wa bunduki, wakatazama na miguu kama ina alama za buti.

Maliro hakuvuliwa shati. Walimgeuza tu.

"Outi wapi? Unatoka wapi?" mkuu akauliza.

"Beni, chef. Kwa barabara kubwa."

"Barabara gani? Baangalie hawa benzako, bote banatoka Beni. Matope iko kwa miguu. Weye iko mpaka kwa shingo. Hii ni matope ya pori." Akainama nyuma ya pikipiki, akanyoosha kidole. "Na hii? Ni bale ba pori banakataka hivi, matope isifunge gurudumu. Nani alikata?"

Maliro akafungua kinywa. Hapo ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Aseme nini? Kwamba alikikata kibati ili askari wasipande? Angeuawa kwa ukweli wake. Aseme kilivunjika? Alama za tindo zilionekana wazi. Aite shahidi? Mashahidi wote aliwafukuza yeye mwenyewe, akafunga na mlango.

"Aketi chini," mkuu akasema. "Jioni ataenda kambini. Pikipiki inabaki."

Kila mtu pale alijua kwamba wanaopelekwa kambini jioni hawaonekani asubuhi. Maliro akakaa kwenye tope. Alimfikiria Léa, na akaogopa kama mtoto, bila aibu.

Mkuu alikuwa mtu wa kutaka uhakika. "Muite yule mécano wa kibanda. Atuambie hii ilikatwa ya nini."

Sadrack akaletwa akipangusa mikono kwa kitambaa cha grisi. Maliro akafumba macho. Imekwisha, alijiambia. Huyu ndiye mtu wao, huyu ndiye aliyesikia msumeno, na mimi nilimdanganya.

Sadrack alichuchumaa. Akapitisha kidole gumba juu ya ule ukingo uliotafunwa, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasimama.

"Chef, ni mi nilikata."

"Weye?"

"Ilipasuka, ilikuwa inakula pneu ya gurudumu. Nilimuambia angoje nitafute ingine, ye hapana kungoja. Donc nikakata ile yenye kupasuka."

Mkuu akaitazama tena ile kazi, akamtazama Sadrack. "We ndiye unatengenezaka pikipiki zetu? Kazi ya namna hii?"

"Msumeno ilikufa, chef. Na nilikuwa na malaria."

Askari wakaangua kicheko. Wale waliovuliwa mashati nao wakacheka, kwa kupata nafasi ya kupumua. Mfanyabiashara mmoja akasema kwa sauti, "Mi simuachie yangu tena, hata siku moja!" Sadrack aliangalia chini, masikio yakimwiva kwa aibu. Mkuu akalipiga gurudumu teke, akamwambia Maliro, "Toka hapa, beba takataka yako."

Yeye na Sadrack walipofika mlangoni pa kibanda, Maliro aliuliza kwa sauti ndogo, "Juu ya nini umefanya vile?"

"Ungesema nini, papa? Ile kweli?"

"Unajua kweli gani?"

"Mutu hapana kukata garde-boue ya nyuma juu ya kwenda pori. Anakata juu ya kufukuza mwenye kukaa nyuma. Hata mutoto anajua." Sadrack akaingia kibandani mwake.

Maliro hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alingoja Sadrack aje kudai kitu. Kila mlango ulipobishwa alisema, huyo amekuja. Lakini Sadrack hakuja. Badala yake Kanyere ndiye aliyeleta habari kutoka kisimani: watu wanapeleka pikipiki zao kwa fundi mwingine, Sadrack anashinda amekaa, watoto wanamwita Panya. Na kusema ukweli mbele za watu haikuwezekana, maana askari wangesikia kwamba fundi aliwadanganya, na wangemchukua Sadrack.

Siku ya soko, barabara ikiwa imejaa watu, Maliro aliisukuma pikipiki hadi kwenye kibanda. Alisema kwa sauti ya kusikika, "Fundi, nimekuletea. Tengeneza yote, nyuma na mbele, na engine. Hapana mwingine atagusa." Akampa ufunguo.

Sadrack akamsogezea lile jiwe kwa mguu. "Kaa basi, papa, ulinde."

"Hapana. Nina kazi nyumbani."

Hakuwa na kazi yoyote. Alipanda mlima, na mara mbili alisimama, shingo ikitaka kugeuka. Hakugeuka. Alipoingia uani, Kanyere alimwona akija kwa miguu, bakuli likamponyoka.

"Baba Léa! Bamekunyang'anya?"

"Hapana. Nimeiacha kwa Sadrack."

Kanyere akamsogelea, akamshika paji la uso kama anayetafuta homa. "Na nani anailinda?"

"Sadrack," alisema Maliro, akaketi.