Maji Yaling'aa, Nikampigia Baba

Jamani, leo nimempa baba yangu habari njema ya uongo.

Mnajua natafiti dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mikorosho. Chembe ndogo mno za salfa naziweka kwenye mafuta yanayokauka upesi kama petroli, kisha nayakoroga ndani ya maji ya sabuni. Yanakuwa matone, meupe kama maziwa.

Mafuta yakikauka, kila tone linasinyaa, na sabuni inabaki imezikumbatia chembe. Ukifaulu, ule weupe unatoweka na maji yanang'aa, chembe zikielea ndani bila kuonekana.

Leo umeme ukakatika, mashine ya kukorogea ikasimama. Nikakoroga kwa mkono mpaka bega likafa ganzi. Huku nalia, sifichi.

Ghafla maji yakang'aa!

Nikampigia baba kijijini Nyangamara.

"Shikamoo baba! Imekubali!"

"Marahaba! Alhamdulillahi! Ngoja niwaambie wenzangu hapa msikitini."

Nikarudi kwenye chupa.

Salfa yote ilikuwa imelala chini, njano tupu. Maji yaling'aa kwa sababu hayakubaki na kitu ndani yake.

Nikapiga tena.

"Baba, nilikosea. Imeharibika."

Nyuma yake nasikia watu wanampongeza.

"Mwanangu," akasema, "mikorosho imeshaanza kutoa maua."

Akakata.

Chembe zilizobaki zinatosha kujaribu mara moja tu, na umeme bado haujarudi. Mwenye jenereta hapa Lindi mjini, nakuomba sana, niandikie hapo chini. Nimekaa sakafuni mwa maabara, nasubiri.