Msalaba wa Kipandio cha Kumi na Nne

Jambo la kwanza nililoligundua kwa baba mkubwa aliporudi kazini ni kwamba rangi yake iliishia pale mkono wake ulipofika. Ukuta wa sebule ya mtu ungekuwa laini na safi hadi juu kidogo ya kimo cha mlango. Kuanzia hapo alimwachia baba yangu, ambaye ni mdogo wake. Baba mkubwa ni fundi rangi tangu ujana. Miaka mitatu iliyopita ngazi iliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaanguka na kuvunjika nyonga. Nyonga ilipona. Hofu haikupona.

Mama mkubwa, ambaye ulimi wake hauna likizo, hakumwonea haya. "Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi," alimwambia siku moja mbele yetu sote, "lakini wewe, mume wangu, unashtuka hata ukiona ngazi ya banda la kuku." Baba mkubwa alicheka kuliko sisi.

Utani haukumwuma. Aliyemwuma ni baba. Baba hupanda ngazi huku akipiga mluzi, ndoo mkononi, na mafundi wenzake humwita Kima. Wapita njia husimama kumtazama, na wakati huo baba mkubwa, aliyemfundisha kushika brashi, huwa amechuchumaa chini akikoroga rangi. Nilimwona mara nyingi akiitazama miguu ya mdogo wake, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kama mtu anayemtazama jirani akila chakula kilichopikwa kwake. Baba akisifiwa mezani, yeye alishiba ghafla. Dosari alikuwa nazo tayari: hapa pamerukwa, pale rangi imetiririka, kijana huyu ana pupa. "Kijana" mwenyewe ana miaka arobaini na minane.

Alipokuwa amelazwa hospitalini, hawezi hata kujigeuza, baba mkubwa alimwekea Mungu nadhiri. Akisimama tena, msalaba wa kanisa letu jipya, ule ulio juu kabisa ya ukuta wa mbele, ataupaka yeye kwa mkono wake. Mama mkubwa alikuwepo, na mchungaji pia. Kanisa lilipokaribia kumalizika mwezi uliopita, mchungaji akamwonea huruma, akampa baba kazi yote ya juu, msalaba ukiwamo. Alidhani anamtua mzigo. Baba mkubwa alijibu, "Bwana asifiwe," akarudi nyumbani bila kuaga mtu.

Mafundi rangi wana sheria moja wasiyoivunja: ukuta mmoja hupakwa kutoka ndoo moja, na wa chini na wa juu huenda pamoja, ili rangi zao zikutane zikiwa bado mbichi. Baba mkubwa ndiye aliyemfundisha baba sheria hiyo. Lakini wiki ya kupaka ukuta wa mbele wa kanisa alikataa kumchanganyia. "Si ndiye fundi? Achanganye yake," alisema. Baba naye, kwa kiburi, akachanganya yake, akaanza saa aliyotaka. Ukuta ulipokauka, mstari ulitokea katikati, kona hadi kona. Juu ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Chini, maziwa yenyewe. Waumini waliokuja kwenye ibada ya katikati ya wiki waliutazama vichwa vikiwa upande. Mwanakwaya mmoja aliuliza kwa heshima kama ule ndio mtindo wa siku hizi.

Jioni ile baba mkubwa alikuja kwetu, akaketi bila kuegemea kiti.

"Mdogo wangu," alisema, "kila siku nimeomba mambo mawili. Kwamba Mungu aniondolee hofu, na kwamba kazi yako iharibike. La pili limetokea, na sidhani ni Yeye aliyelijibu. Nisamehe."

Baba alikwangua rangi iliyogandia kwenye ukucha. "Kaka, unafikiri nina raha huko juu? Kila nyumba naulizwa, rangi hii nzuri nani kaichanganya? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani kapanda nayo."

Mama aliinuka na vikombe, akaenda jikoni kuchekea huko. Ndugu wawili walikuwa wameoneana kijicho miaka mitatu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Kisha baba mkubwa akasema anautaka msalaba wake. Baba akamwuliza atapandaje.

"Sijui. Nimekaa nikimngoja Mungu aiondoe hofu ndipo nipande. Labda Yeye ananingoja nipande."

Waliurudia ukuta mzima kwa ndoo moja, na mstari ukafutika. Tangu hapo, kila asubuhi, baba mkubwa hupanda huku baba akishikilia ngazi. Ina vipandio kumi na vinne. Siku ya kwanza alifika cha pili, akashuka shati likiwa limelowa jasho. Siku ya tano aliganda kwenye cha sita, ameikumbatia ngazi kama mtoto mgongoni kwa mama yake, akamwomba Mungu kwa sauti amshike, maana mikono yake mwenyewe haiamini. Aliposita kuvuta pumzi, baba akaitikia amina kutoka chini.

"Sijamaliza," baba mkubwa alisema, akaendelea kuomba, kisha akaweka mguu kwenye cha saba.

Hofu haijamwacha. Wivu nao haujakauka wote: juzi baba alipopanda kuufuta msalaba vumbi, kaka yake alimwambia kutoka chini ashuke, tena asiuguse hata kwa kidole. Leo asubuhi baba mkubwa alifika kipandio cha kumi na mbili. Alikaa pale kwa muda wa wimbo mzima wa kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi ndani.

Kanisa litawekwa wakfu keshokutwa, Jumapili. Leo alasiri amechanganya rangi nyeupe ya msalaba na kuifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Mama mkubwa amesema kesho atakuja, ila atafumba macho, na tumwambie kazi ikiisha. Tutaanza saa tatu, umande ukishakauka ukutani. Vimebaki vipandio viwili.