Nusu ya Garsen Ilinishangilia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga mtu. Nilianguka. Nilifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijana wa kijiji cha Ngao, kando ya mto, mwenye shingo nene na mabega yaliyokomazwa na mtumbwi, nikiamini kwamba mieleka ya kulipwa ilikuwa ikinisubiri mimi tu. Kocha alikuwa mtu mfupi, masikio yake yamevimba na kukunjamana kwa kukabwa miaka mingi. Alinizunguka akanitazama kama anayenunua mbuzi.

"Wajua kupiga?" akaniuliza.

"Sana, Kocha."

"Kupiga kila mlevi anajua. Panda ulingoni unionyeshe unavyoanguka."

Nikaanguka kama gunia, nikagonga kisogo, nikaona nyota mchana. Kocha hakucheka wala hakunipa pole. Alinionyesha namna: kidevu kibane kifuani, mgongo wote ufike chini kwa pamoja, na viganja vipige mbao kwa nguvu. Kuanguka huko tulikuita bapa. Ulingo wenyewe ulikuwa mbao zilizolazwa juu ya matairi makuukuu ya lori, juu yake magunia ya usumba wa nazi, kisha turubai lililokazwa barabara. Ukianguka bapa sawasawa, mlio unasikika mpaka njiani na wewe huumii sana. Nasema sana, maana anayedai kwamba mieleka ile haiumi mleteni kwangu aone mgongo wangu. Nilianguka mpaka alasiri, na kesho yake nikarudi kuanguka tena.

Enzi zile Pwani ilikuwa imegawanywa. Bosi mmoja alishika Mombasa, mwingine Kilifi na Malindi, na kila mmoja alikuwa na ulingo wake, refa wake na wapiganaji wake. Huingii eneo la mwenzio bila ruhusa. Mpiganaji akikaa mahali mpaka watu wakamzoea, tulisema uso wake umechuja, basi Bosi humpeleka kwa Bosi mwingine akaanze upya kwa jina jipya. Mimi nimeitwa majina mengi, mengine nimeyasahau. Lakini kazi yangu kila nilikopelekwa ilikuwa ile ile. Nilikuwa mbaya.

Pambano haliendi bila mwema na mbaya. Mwema hupigana kwa haki na watoto humpenda. Mbaya huuma sikio, humtia mwenzake mchanga machoni, humtukana refa, hujifanya anaomba radhi kisha anapiga teke. Kocha alipoiona sura yangu hakufikiri mara mbili. Nami sikuona haya, kwa kuwa mbaya ndiye anayeliendesha pambano. Ndiye anayeamua watu wakasirike lini na wapumue lini. Nilikuwa hodari, tena hodari hasa, na kama hayo ni majivuno basi na yawe. Malindi mama mmoja alinipiga usoni kwa kikapu chenye samaki ndani. Nilirudi kubadilisha nguo nikiwa na furaha kama aliyepandishwa cheo.

Nayo siri ilikuwa siri. Sisi tuliiita pazia. Mwema na mbaya hawasafiri pamoja, hawali pamoja, hawasalimiani njiani. Aliyefungua pazia amewanyima wenzake wote ugali, na hakuna Bosi atakayempa kazi tena kutoka Vanga mpaka Lamu. Damu tuliitoa wenyewe kwa kipande cha wembe kilichofichwa kwenye bandeji ya kidole, tukijichanja juu ya paji la uso. Hata mke wangu alikuwa akinisafisha vidonda huku akimlaani mtu ambaye mimi namwita ndugu.

Kocha alinifundisha jambo moja zaidi, na ndilo lililonifaa kuliko yote. "Hawa watu wana hasira zao," aliniambia. "Wamedhulumiwa kazini, wamegombana na majirani. Wanakuja hapa wanakutwika wewe, na wewe unaondoka nazo. Ukiwaona wanatoka wakicheka, jua umefanya kazi. Wakitoka wamenuna, umeiba pesa zao."

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya yale mafuriko makubwa, kazi ilikuwa imedorora. Kila mji ulikuwa na kibanda cha video, na vijana walitaka Wazungu wanaorukaruka kutoka juu ya kamba. Bosi akanikabidhi kwa Meneja mmoja aliyefungua eneo jipya, kutoka Garsen kupanda na mto hadi Bura. Kwa hiyo nilirudishwa nyumbani na kazi yangu mwenyewe. Meneja alikuwa na shati jeupe lisilojua vumbi, na kipaza sauti juu ya pikapu.

"Wewe kuanzia leo ni Mamba wa Ngao," akaniambia. "Na mwenzako ni Dume la Bangale. Dume anashuka mtoni kunywa maji, mamba anamngoja. Waonaje?"

Dume alikuwa Barisa, Muorma wa Bangale, mrefu, mtaratibu, niliyewahi kufanya naye kazi Malindi. Mtu akikuinua juu ya kichwa chake, shingo yako ni mali yake. Ya kwangu niliweza kumpa Barisa nikiwa nimefumba macho. Kila akinishusha alininong'oneza, "Kidevu," nami nabana kidevu. Tulipendana kama waliozaliwa tumbo moja, na hadharani hatukupeana hata salamu. Siku za mnada wa ng'ombe yeye alikuja kwa lori la mifugo, mimi kwa basi.

Pambano letu la kwanza Garsen lilikuwa nyuma ya maduka, siku ya mnada. Nikapanda ulingoni, nikatema mate, nikawatolea ulimi, nikamsukuma refa kabla hata kengele haijalia. Nikangoja nizomewe. Upande wa kushoto, walikosimama wafugaji wa Kiorma, walinizomea vizuri kabisa. Upande wa kulia wakulima wenzangu wa mtoni walirusha mikono juu wakaanza kuimba, "Mamba! Mamba!"

Nilishtuka. Nikamtia Barisa mchanga machoni kwa makusudi niwachukize, wakazidi kunishangilia. Nikamuuma sikio, wakacheza ngoma. Kumbe huku nazomewa na huku nashangiliwa, na katikati ya ulingo hakuna tena anayetutazama sisi. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Nimewahi kurushiwa chupa na mawe, sikuogopa. Siku hiyo niliogopa. Pambano lilipokwisha hakuna aliyetoka akicheka.

Nikamfuata Meneja pikapuni. "Meneja, nusu ya watu wananishangilia."

"Si vizuri?"

"Si vizuri hata kidogo. Mimi ni mbaya. Mbaya lazima awe wa wote."

Meneja akanipiga bega. "Komora, hayo ni mambo ya Mombasa. Hapa hakuna mwema na mbaya. Hapa kuna wetu na wao, na hiyo inajaza uwanja bila mimi kulipia hata bango."

Haikupita wiki, vijana wakakutana malkani, ile njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Malka ilikuwa na maneno yake tangu zamani, nani apite wapi na mazao ya nani yamekanyagwa, lakini wazee walikuwa wakiyamaliza kwa kukaa. Safari hii mmoja alimwita mwenzake mamba, mwingine akajibu dume, na fimbo zikatoka. Wa upande wetu mmoja alivunjwa mkono. Wa upande wa Barisa mmoja alipasuliwa kichwa, akapelekwa hospitali ya Ngao akiwa hajitambui. Alikuwa mtoto wa Mzee Galgalo, mzee wa Kiorma ambaye hata sisi wakulima tulimheshimu.

Ungedhani Meneja angenyamaza. Pikapu ilizunguka mji mzima ikitangaza, "Mnada ujao, pambano la mwisho! Mshindi ndiye mwenye mto!" Nilimwambia aliondoe hilo neno la mto, akaniambia ni maneno ya biashara tu, tena nimepangiwa kushinda, sasa nanuna nini. Lakini mimi niliona mbali. Nikishinda, vijana wa Barisa hawatakubali. Nikianguka, wa kwetu hawatakubali. Kila nilivyolipindua, mtu alikuwa anakufa, na anakufa kwa sababu ya mabega yangu kugusa turubai au kutogusa.

Kabla ya mnada wazee wakatuita. Walikuwa wa pande zote mbili, wa Gasa, ndilo baraza letu sisi Wapokomo, na wa Kiorma, wamekaa pamoja kwenye banda la mnada. Meneja alitupa amri: tukifika tutukanane, kisha kila mmoja aondoke kwa hasira. "Hilo pekee litatuuzia mnada mzima," alisema.

Tulifika kila mmoja kwa njia yake. Mzee Galgalo ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tumewaita tuwapatanishe. Semeni ugomvi wenu ulianzia wapi."

Nikamtazama Barisa, naye akanitazama. Nilikuwa nimeshika pazia tangu ujana wangu. Nikasema, "Wazee, hatuna ugomvi. Huyu ni ndugu yangu. Ile ni kazi."

Mzee wetu mmoja wa Gasa akaniuliza, "Na ile damu, mwanangu?"

"Wembe, mzee."

"Na kule kulia kwa maumivu mkiwa chini?"

"Twafundishwa."

Mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Mzee Galgalo hakucheka. Alimgeukia Barisa. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Komora hajawahi kuniumiza."

"Basi nyinyi mlikuwa mnacheza," alisema. "Mwanangu hakucheza. Amelala Ngao na mama yake anamlisha uji kwa kijiko."

Niliinamisha kichwa. Nilidhani atatufukuza, au atatoka atangaze sokoni kwamba sisi ni matapeli, na kazi yetu iishie hapo. Nilikuwa tayari. Lakini alisema, "Haya maneno yasitoke hapa. Nikiwaambia vijana kwamba waliumizana kwa ajili ya mchezo, wataona haya, na mwenye haya hupiga tena. Mnada ukifika mtapatana mbele yao, kana kwamba mligombana kweli. Uongo mliouanza wenyewe, mtaumaliza wenyewe."

Nimefanya kazi chini ya mabosi na makocha wengi, lakini sijaona mtu aliyejua kushika pazia kama mzee yule, na hakuwa amewahi kukanyaga ulingo.

Siku ya mnada uwanja ulijaa, kulia wetu, kushoto wao, fimbo na panga mikononi. Badala ya kengele wakapanda wazee. Mimi na Barisa tukaitwa katikati. Mzee Galgalo akauliza kama tunasameheana, na Barisa akajibu kwa Kiorma, nami kwa Kipokomo, kila mmoja kwa watu wake. Fahali akachinjwa pale pale. Tukaketishwa kwenye sinia moja, mimi nikamlisha Barisa kipande cha nyama kwa mkono wangu na yeye akanilisha. Miaka yote tulikuwa hatujawahi kula pamoja mbele ya watu. Nilitafuna nikilia, na hakuna aliyenifundisha kulia namna ile. Baadaye tulishikana mikono tukazunguka mnada mzima, na nyuma yetu vijana wakaanza kufuata, wachache kwanza, kisha wengi wao. Mtoto wa Mzee Galgalo alipona, akabaki na kovu.

Meneja alinuna mpaka shati likachafuka. Alitupeleka huko juu Hola na Bura, lakini habari zilikuwa zimetutangulia na watu hawakujaa. Msimu ukapita, akaja na wazo la kurudi Garsen, akidhani watu wamesahau. Nikamwekea sharti: hakuna mto, hakuna Mamba wala Dume. Mieleka safi, na mimi niwe mbaya wa watu wote. Nilimwendea hata Mzee Galgalo, akasema kama ni mchezo na uwe mchezo. Wallahi nilitaka Garsen yote inizomee, walau mara moja kabla sijazeeka.

Watu huniuliza nilistaafishwa na nini. Wengine husema goti, wengine husema video. Nilistaafishwa na mama mmoja muuza maziwa.

Siku hiyo nilikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuwa Malindi. Nilimtemea refa mate. Nilimpiga Barisa teke akiwa chini, nikamtia mchanga machoni, nikawatolea ulimi kulia na kushoto. Hakuna aliyezomea. Watu walinitazama kwa huzuni tu. Mwisho mama wa Kiorma aliyekuwa mbele akaweka kibuyu chake cha maziwa chini, akainua kamba ya ulingo, akapanda. Alikuwa mdogo, ananifika kifuani. Refa alitaka kumzuia, akasukumwa kando.

"Mwanangu, mlikula nyama," aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi niliona. Huyu si adui yako tena. Hasira gani hii haiishi?"

Nyuma yake walikuwa wamepanda wengine, wafugaji na wakulima, wanamwinua Barisa, wanampangusa macho. Meneja alipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba pambano linaendelea. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba ni kazi tu. Sikuweza. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vilivyolowa maziwa, ananivuta taratibu kama anayemtoa mtoto wake kwenye ugomvi, na watu wote wa Garsen, upande huu na upande ule, walikuwa wananiita kwa jina langu la kuzaliwa nishuke. Nikashuka.