Jodari wa Kugawana

Wifi yangu hakusema kwamba nimewalisha watu sumu. Naanza na hilo kwa sababu wengine wanadai alisema, na mimi sikumsikia akisema hivyo. Alichosema mbele ya wageni wake kule Kisarawe ni hiki: "Samaki kanunua wifi, upande kanipa wifi, mimi nimekaanga tu." Maneno hayo yalifika Kibaha kabla yangu. Niliporudi kwangu Mkuza, jirani aliyekuwa ananunua kwangu kila jioni aliniuliza kama ninao samaki "wa kawaida".

Mimi ni mkaanga samaki. Nimeishia darasa la saba, na sina hakika kama haya ninayoyaandika yamekaa sawa. Hasira yangu ndiyo nina hakika nayo.

Kwa miaka mingi mimi na wifi, dada wa mume wangu, tulinunua jodari kwa ubia. Jodari wa bahari kuu alikuwa mkubwa kama ndama. Mwanamke mmoja hamwezi, si kumbeba, si kummaliza. Tunakutana soko la samaki mjini, tunachagua mmoja, mpasuaji anamkata katikati. Leo upande wa kichwa ni wako, safari ijayo wangu. Kichwa ndicho kinachogombewa, maana kina supu. Kisha wifi anashika njia ya Kisarawe, mimi ya Kibaha.

Kipaimara cha mwanawe kilipokaribia, wifi alikuwa na shughuli za turubai na viti, nikaenda sokoni peke yangu. Zamu ya kichwa ilikuwa yake. Nikampelekea hadi mlangoni, kimefunikwa barafu. Mkia nikaja nao Mkuza, nikaukaanga jioni ileile, wafanyakazi wa viwanda vya Zegereni wakaula, hakuna aliyelalamika.

Kesho yake nikarudi Kisarawe, na katikati ya sherehe watu walianza kujikuna. Macho mekundu, midomo imevimba, vichwa vinagonga. Mzee mmoja wa kanisa alivua koti akajikuna mgongo kwenye nguzo ya turubai, na kwaya ikaacha kuimba. Daktari wa zahanati alitueleza vizuri, namshukuru: jodari akipata joto kabla ya kupikwa, anaingiwa na kitu kinachowasha, na moto wa kukaanga haukitoi. Hakusema joto lilimpata wapi, na hakuna aliyesubiri kuuliza. Wifi alikuwa ameshasema.

Wateja wangu walipotea mmoja mmoja. Wa Zegereni wakahamia kwenye chipsi. Dereva mmoja wa malori ya Kwala alipunguza mwendo mbele ya karai langu, akasema, "Mama, leo tunakula au tunajikuna?" Akacheka akaondoka. Nilicheka naye. Kisha nikakaa nikimfikiria wifi mpaka mafuta yakaungua.

Nilitaka haki kabla ya kisasi, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza baharia wa boti iliyotuuzia yule samaki. Alikuwa anashona wavu, hakuinua uso.

"Jodari ana damu ya moto, mama. Akipigana na mshipi anajichemsha mwenyewe. Anataka barafu hapohapo."

"Na wewe hukumpa?"

"Nilimpa. Zamani tulimpata karibu, tunarudi barafu bado mawe. Siku hizi maji ya juu ya moto, yeye kazama, kaenda mbali. Tunamfuata mpaka nchi kavu haionekani. Tunarudi barafu imekuwa uji."

"Mbona mkia wangu haukumwasha mtu?"

"Mkia mwembamba, unapoa upesi. Huku mbele ni mnene. Joto linakaa kwenye uti wa mgongo."

Basi yawezekana kosa lilianzia baharini. Yawezekana pia lilianzia uani kwa wifi, maana kichwa kile kilikaa kwenye ndoo wakati anapanga viti. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Bahari siwezi kuilipiza. Wifi ninamfahamu anapokaa.

Toka hapo nikawa naonja kila samaki kwa ncha ya ulimi, maana mwenye kuwasha anachoma kama pilipili manga. Asubuhi moja nikampata. Kipande kimoja cha jodari kilinichoma ulimi nikatema. Sikukitupa. Nilikifunga kwenye mfuko mweusi nikakiweka kwenye friza, nikakipa jina la wifi.

Mama mkwe alipopona miguu alifanya ibada ya shukrani hapa Kibaha, ukoo wote ukaja. Kupika samaki nilijitolea mimi. Asubuhi nilitoa ule mfuko mweusi, nikautazama ukiyeyuka juu ya meza. Nisijisifu kwamba nilimwogopa Mungu. Kilichonizuia ni kwamba mama mkwe ana tabia ya kudokoa sahani za watu. Nikachimba shimo nyuma ya migomba nikakizika kipande kile.

Kwenye sherehe nilimpelekea wifi sahani mwenyewe, mbele ya wote. Jodari safi, nimemwonja, upande wa kichwa.

"Karibu wifi. Zamu yako."

Akaiangalia. "Nimeshiba, wifi."

"Umeshiba nini, nawe sahani ya kwanza ndiyo hii?"

Watu wakacheka. Shemeji yangu akadakia, "Mawifi hawa wana utani wenye miiba." Sisi mawifi tunataniana, ndiyo desturi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nilikuwa nimejificha humo.

Mama mkwe akasema, "Kula mwanangu. Unamtazama samaki kama unamdai."

Wifi akala. Akikataa, amesema mbele ya mama yake kwamba mimi ni mchafu. Akila na asijikune, amejijibu mwenyewe. Alimega kidogokidogo, na ukoo mzima ulikuwa unamtazama shingo. Mimi nilimtazama mpaka chai ilipoletwa. Nilijua samaki ni mzima, nimempika mimi, na bado niliomba hata kipele kimoja. Hakikutoka.

Jioni ile jirani yangu alinunua vipande vya familia nzima. Wa Zegereni wakaanza kurudi.

Jumamosi wifi akanikuta sokoni. "Shikamoo ya wifi," akatania, kana kwamba hakuna kitu. "Tunagawana?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kuanzia sasa yeye ni wa mkia. Lakini mezani hapakuwa na wa kukata. Jodari walikuwa wadogo, urefu wa mkono wa mtu. Yule baharia alisema wakubwa hawaonekani, hawa wamewakuta wamejikusanya chini ya maboya ambayo meli za mbali huacha yaelee. Sikuona, naandika alivyosema. Mpasuaji alimpasua mmoja: tumboni hamna dagaa, kuna vikamba vyekundu na uzi wa nailoni.

"Hawa watoto," wifi akasema. "Tutagawana nini hapa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Kila mtu abebe wake."

Tukanunua kila mmoja wa kwake. Nilimsaidia kujitwisha ndoo, maana adabu ni adabu, nikamwona akielekea kwenye gari la Kisarawe na samaki aliyemchagua kwa mkono wake. Huyo akiwasha watu, hana wa kumtaja.